Gitaa la Marehemu Msabaha

Nianze kwa kukiri kosa langu, Mungu anisamehe. Msabaha, mpiga gitaa wetu wa Mbegani, alipofariki, watu waliulizwa kabla ya mazishi nani ana chake kwa marehemu. Nikasimama, nikaapa kuwa gitaa lake la umeme alinipa mimi. Ulikuwa uongo. Mjane wake, Shadya, alikuwa akimwekea binti yao gitaa hilo. Akanijibu kutoka nyuma ya pazia, "Chukua, Hamidu. Mungu si Athumani."

Nikalipeleka kwa rafiki yangu Mikdad, fundi wa redio, abadilishe swichi za sauti na pikapu, zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, ili watu wasilitambue likipigwa.

Mikdad anasema alikuwa ameshatoa nyuzi zote na kukata waya za zamani pale umeme ulipokatika. Ilikuwa mchana, lakini kibanda chake hakina dirisha, kikawa giza tupu. Spika ikaanza kuvuma. Akapapasa, akaichomoa ukutani. Ikaendelea kuvuma. Kisha mtu akakohoa ndani yake, akauliza polepole, "Hamidu, nilikupa lini?"

"Nikasema mimi si Hamidu, mimi fundi tu," Mikdad aliniambia. "Ikajibu, 'Najua. Yeye nitamfuata.'"

Ijumaa imamu aliposhika kipaza sauti, kabla hajatoa takbiri, sauti ya Msabaha ikatoka kwenye spika za msikiti: "Lini?" Hakuna aliyegeuka ila mimi.

Ndugu yangu, nakuomba unisindikize kwa Shadya leo hii.