Maji Yaliyopotea Sebuleni

Kila asubuhi, kabla ya chai, dereva mstaafu wa lori alisimama mbele ya kabati lake la kioo. Ndani yake mlikuwa na maboksi ya viberiti mia mbili na kumi. Aliyakusanya kwa miaka thelathini ya barabarani. Moja lilikuwa na picha ya twiga, jingine meli, jingine mwanamke mwenye mwavuli. Majirani walimwita Babu Kiberiti. Jina lilimkaa vizuri, maana hata hasira zake zilikuwa karibu. Ukimgusa tu, anawaka.

Asubuhi hiyo aliwaka bila kuguswa.

Twiga alikuwa amebanduka. Mwavuli ulikuwa umeota kuvu ya kijani. Alipolishika boksi la meli, lililegea mkononi kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Nani amemwaga maji humu?" alifoka.

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa dobi wa hospitali kabla ya kustaafu, na kelele hazikumtisha.

"Nani afungue kabati lako, na ufunguo unalala nao?"

Babu Kiberiti akatazama huku na huku. Macho yakatua kwenye tangi la samaki, hatua mbili kutoka kabatini. Binti yao alimletea mama yake tangi hilo mwaka uliopita. Samaki tisa wekundu walikuwa wakizunguka, hawana habari.

"Ni hawa! Leo wanahama!"

Akanyakua ndoo, akaanza kuchota. Maji yaliruka. Samaki mmoja akaanguka sakafuni, akapigapiga mkia. Mkewe alimwokota kwa viganja viwili, akamrudisha. Kisha akasimama kati ya mumewe na tangi.

"Miaka thelathini ulikuwa barabarani, mimi naongea na kuta. Hawa ndio wananisikiliza. Ukiwagusa tena, hatutaelewana."

"Vitu vyangu vinaoza!"

"Basi oza navyo!"

Kelele zilivuka ukuta. Jirani yao, dada mmoja fundi wa friji, akaja na bisibisi mkononi.

"Shikamooni. Kwema?"

"Marahaba. Si kwema," alisema Babu Kiberiti. "Hebu tazama!"

Fundi alitazama kabati. Kisha akayatazama madirisha, yote yamefungwa. Akapitisha kidole kwenye kioo cha dirisha. Kidole kikalowa.

"Baba, tangi hili mnaliongeza maji?"

"Naongeza mimi," alisema mke. "Majagi matatu kila wiki."

"Linavuja?"

"Halivuji. Sakafu ilikuwa kavu mpaka leo."

"Basi hayo majagi matatu huenda wapi?"

Mzee akainama, akachungulia chini ya tangi.

"Yanageuka mvuke," alisema fundi. "Huuoni, lakini umo hewani. Umewahi kutoa chupa ya baridi kwenye friji ikatoka jasho? Chupa haitoi jasho, baba. Ni hewa inayoacha maji yake pale. Na karatasi huyanyonya maji ya hewani kama sponji. Siku zikipita, gundi inaachia na kuvu inaota."

"Lakini nafunga madirisha, vumbi lisiingie!"

"Ndiyo maana mvuke hautoki. Na mfuniko wa tangi uko wapi?"

Mke akacheka kicheko kikavu. "Mwulize yeye. Kioo cha mfuniko alikichukua, akafanya rafu ya kabati lake."

Babu Kiberiti aliweka ndoo chini. Hasira bado ilimjaa kifuani, ila sasa ilikuwa imemgeukia mwenyewe. Ilimchoma vibaya zaidi.

Fundi alikwenda kwake, akarudi na kipima unyevu, kidogo kama saa ya mezani. Mshale ulisimama kwenye asilimia sabini na nane.

"Vitu vya karatasi vinataka arobaini na tano mpaka hamsini na tano," alisema.

"Tufanyeje?" aliuliza mke.

Walianza na mfuniko. Waliurudisha juu ya tangi, wakaacha nafasi ndogo ya kupitisha mpira unaowapelekea samaki hewa. Kabati walilihamishia upande wa pili, kwenye ukuta wa ndani, bila kuligusisha ukutani. Wakafungua madirisha ya pande mbili, hewa ipite. Ndani ya kabati wakaweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Mzee alitaka kuanika maboksi juani.

"Hapana, baba. Jua litafuta rangi. Yenye kuvu tuyatenge, tuyakaushe kivulini. Yakikauka, tufunge kitambaa puani, tuyapanguse nje kwa brashi laini."

Maboksi kumi na tisa hayakuokoka. La meli lilikuwamo. Alilinunua siku binti yao alipozaliwa. Aliyatupa mwenyewe, meno yameumana.

"Mama," alisema aliporudi ndani, "nimekosa."

"Umemkosea nani? Sema vizuri."

"Nimekukosea wewe. Na hao."

"Hao nani?"

"Samaki," alisema Babu Kiberiti kwa shida.

Baada ya wiki mbili mshale ulishuka hadi hamsini na nne. Kisha mvua zikaja, siku tano mfululizo. Mzee alifunga madirisha ikinyesha, akayafungua ikikatika na hewa kukauka. Alibadilisha vipakiti. Mshale ulipanda hadi sitini, ukashuka tena. Siku ya sita alitoa maboksi moja moja, akayanusa. Yalikuwa makavu yote. Hakuna kuvu hata doa moja.

Mkewe alimkuta dirishani amekunja uso.

"Haya, umekasirikia nini tena?"

"Mvua," alisema, akaenda kuwapa samaki chakula.