Taa Iliyochelewa Sebuleni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi dada wa kazi aliingia sebuleni kufuta vumbi, akakuta samaki wote wanaelea matumbo juu. Tangi lenyewe lilikuwa refu kama kochi la watu watatu, limejaa maji ya chumvi, na ndani yake hakuna kilichotikisika, hata wale kamba wadogo wa kwenye mawe. Chumba kilinuka yai viza.

Mama mwenye nyumba alipoitwa hakuuliza mara mbili. Jana yake alimtuma dada afute kile kioo, na ndoo ya sabuni ilikuwa bado kibarazani. Kufikia saa tatu dada ameshaambiwa afungashe, gari la kumpeleka stendi litakuja saa kumi na moja jioni, na majirani wameshapata habari kwamba katia sabuni kwenye tangi. Kwa jina hilo hakuna nyumba mtaani ingempokea tena.

Saa nane mchana alifika shangazi wa mama mwenye nyumba. Ni mpelelezi wa polisi, yuko likizo, na alikuja kumsalimia wifi yake, yaani mama mzazi wa mama mwenye nyumba, aliyekuwa mgeni hapo tangu mwanzo wa wiki. Alimkuta dada amekalia begi lake mlangoni.

"Umetia sabuni?" alimuuliza.

"Hapana, Shangazi. Nilifuta kwa nje tu. Lakini nishasema mpaka nimechoka."

Shangazi alichota maji ya tangi kwenye chupa, akafunga, akatikisa kwa nguvu. Povu lilipanda kidogo, likafa hapo hapo. Maji ya sabuni hayafanyi hivyo. Hakumwambia mtu. Akaomba kiti, akaanza kuuliza.

Mume wa mama mwenye nyumba alisema dada akitolewa, basi mwingine wa kushukiwa ni fundi wa matangi, maana tangu siku ya kwanza alikuwa anakiombea kifaa cha kuchujia maji kiharibike ili aonekane alisema kweli. Fundi alikuwa ameitwa, akafika saa tisa akiwa amenuna.

"Nilimwambia baba hapa," alisema, "tangi kubwa namna hii linataka tangi dogo la chini, la wazi, na mashine ya povu inayokamata uchafu kabla haujaoza. Yeye akataka mtungi wa kuchuja, huu uliofungwa. Tena mmoja. Eti hauchukui nafasi na hauna kelele."

"Na kweli hauna?" Shangazi aliuliza.

"Unanguruma kidogo. Ukiegemea kochi hilo, unausikia mgongoni."

Kochi lilikuwa limebanwa kwenye kabati la tangi. Fundi alifungua mtungi, na wote wakaziba pua. Sponji zilikuwa nyeusi. Alieleza kwamba maji yakipita ndani muda wote, hata mtungi mchafu hauwi hivyo. Ukizimwa kwa saa nyingi, uchafu unakosa hewa na maji ya ndani yanageuka sumu. Atakayeuwasha tena ndiye anayeimwaga sumu yote kwa samaki.

"Mimi nimeukuta unafanya kazi vizuri," alimalizia. "Hapo ndipo ninapokwama."

Mume alisema umeme ulikatika usiku, bila shaka. Shangazi akaenda jikoni. Saa ya jiko, ambayo dada alimwambia hupepesa sifuri kila umeme ukikatika, ilikuwa inasoma sawasawa na saa yake ya mkononi.

Wifi yake alikuwa hapo jikoni, miguu juu ya kigoda kwa sababu ya magoti. Alisema usiku yeye ndiye aliyefunga mlango wa nje na funguo akalala nazo, na saa kumi na mbili ndiye aliyemfungulia dada, anayelala chumba cha uani. Halafu akamsifu mkwe wake. Kila akiamka kuswali alfajiri anamkuta ameshakaa kwenye kochi, amevaa, anasoma.

"Wifi, mwanangu ameolewa na mchapakazi," alisema. "Wa kwako yule alikuwa anaamshwa kwa maji."

"Wangu alikuwa analala kitandani," Shangazi alijibu, wakacheka wote wawili.

Aliporudi sebuleni, taa ya tangi ikawaka yenyewe. Ilikuwa saa kumi kamili. Alimuuliza mama mwenye nyumba inapaswa kuwaka saa ngapi. Saa nne asubuhi, kila siku, akajibiwa. Fundi alivuta waya wa soketi nyingi nyuma ya kochi, akamwonyesha: mtungi na kisaa cha kuwashia taa vimechomekwa pamoja, na kisaa hicho huzunguka kwa umeme. Soketi ikizimwa, nacho kinasimama.

Shangazi aliomba wote waingie, pamoja na dada.

"Taa imechelewa saa sita," alisema. "Soketi ilizimwa usiku saa sita nzima, ikawashwa tena. Dada alikuwa nje, mlango umefungwa. Fundi pia. Wifi hawezi kuinama mpaka pale chini. Na anayetaka kuua samaki hana haja ya kungoja saa sita mpaka alfajiri ndipo awashe. Aliyezima alitaka kimya, kwa sababu alikuwa amelala hapa. Baba, utasema mwenyewe au niendelee?"

Mume alimtazama mkewe. Mkewe alitazama zulia.

"Tuligombana," mume alisema. "Chumba cha wageni kina mama. Nikalala kwenye kochi siku zote hizi, naamka kabla yake asinikute nimelala. Mkwe kulala sebuleni, angesema nini? Jana ule mngurumo ulinishinda. Nikazima saa tano usiku, nikawasha saa kumi na moja. Sikujua utaua."

Mama mwenye nyumba akasema kwa sauti ndogo kwamba la kochi alilijua, la soketi hakulijua. Alikuwa amemwambia Shangazi kila mtu alilala chumbani kwake.

"Mligombana kwa sababu yangu?" mama yake aliuliza. Binti yake akamshika mkono, naye akaelewa.

Dada alikuwa amesimama na begi mkononi.

"Asubuhi ulipowaona samaki, ulijua?" alimuuliza mume.

"Nilihisi. Fundi alipofungua mtungi nikajua."

"Nami nimekalia begi."

"Ndiyo. Nisamehe, dada."

Mama mwenye nyumba alichukua simu, akaanza na jirani wa kulia. Hakwenda chumbani, alisimama pale pale. "Yule binti hakutia sabuni," alisema. "Ni sisi humu ndani." Kisha akampigia wa kushoto.

Dada alisikiliza zote mbili mpaka mwisho. Akaliweka begi chini, akaenda uani, akarudi na ndoo tupu na wavu wa samaki, akavitua miguuni pa mume, akaenda jikoni kuinjika chai. Mume akakunja mikono ya shati.