Nilijifanya Nasoma, Kisima Chetu Kikaondoka

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, Mgogo wa upande wa Mpwapwa, na sasa ninaishi Dodoma karibu na stesheni. Sina mke. Niliyekuwa naye aliondoka, na kusema kweli simlaumu... Nani akae na mtu wa aina yangu?

Wapo watakaoniambia, bwana wee, yaliyopita si ndwele. Si ndwele kwako wewe! Mimi kila nikikumbuka kichefuchefu kinanipanda, na mate yananijaa kinywani kama mtu aliyemeza nzi. Basi wasomaji wenzangu, vumilieni niyatapike yote.

Reli ilipofika Gulwe nilikuwa na miaka ishirini na sita. Wamisheni walikuwa wamenifundisha kusoma na kuandika Kiswahili. Kijijini kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Mtu akipata barua ya ndugu yake aliyekwenda pwani, ananiita mimi. Ananiwekea kigoda, ananipa togwa, watu wananyamaza, nasoma. Nilipenda ule ukimya wao... Nilipenda kupita kiasi!

Dada yangu Nyemo aliolewa na Lugendo, mtu mrefu, mpole, mchimba visima hodari. Wakati wa kiangazi shemeji huyu aliweza kutembea juu ya mchanga mkavu wa mto Kinyasungwe, akasimama, akasema hapa, na mkichimba mnakuta maji. Kambi ya reli ilipojaa watu wenye kiu, yeye ndiye aliyetukusanya, tukawa wanaume kumi na wawili pamoja naye. Tulikuwa Wagogo, isipokuwa Juma, Mrangi wa Kondoa, aliyeswali huku sisi tunamngoja bila kunung'unika.

Tulichimba siku nyingi. Shimo lilishuka mpaka wanaume watano wakasimama mmoja juu ya mwingine kwenye vipandio, wakipokezana kata za maji. Tulilizungushia fito ili mchanga usiporomoke. Mwenzetu mmoja alifukiwa mpaka kifuani, tukamfukua kwa mikono, na kesho yake akarudi shimoni.

Kwetu kisima ni cha aliyekichimba. Wengine huomba, nawe humnyimi mtu maji ya kunywa. Lakini aombaye hubaki mwombaji, hata akinywa miaka kumi. Hilo haliandikwi popote, kila mtoto analijua.

Basi kisima kikawa chetu sote. Hapakuwa na mkubwa. Jambo likizuka tulikaa mchangani tukazungumza mpaka wa mwisho akubali. Kambi ilipata maji kwetu, nasi tukapata chumvi, majembe na kaniki za wake zetu. Aliyeugua alipata fungu lake sawa na aliyechota. Ng'ombe wetu walikunywa jioni, na Nyemo alichota bila kumwomba mtu. Jamani, tulikuwa na nini tena cha kutafuta?

Mkandarasi wa sehemu ile alikuwa Mzungu ambaye jina lake silitaji. Sisi tulimwita Bwana Meno, maana alicheka muda wote, hata mtu akichapwa. Tulikuwa tumejiandaa atunyang'anye kisima kwa fimbo. Kumbe mwenzetu alikuja na sukari!

Alikuja adhuhuri, akakaa mchangani pamoja nasi na suruali yake nyeupe. Akasema hataki vibarua, anataka washirika. Sisi tutaleta kisima na mikono yetu, yeye ataleta bomba la chuma na tangi la kunyweshea gari la moshi, na wote tutakuwa wenye mali. Akasema huko kwao Ulaya mambo ya kumwendesha mfanyakazi kama punda yamepitwa na wakati. Tuchague mtu mmoja, kila Jumamosi akae naye barazani aseme maneno yetu.

Lugendo alimwuliza swali moja tu, kwamba siku tukimkataa atafanya nini. Bwana Meno akacheka, akasema ataondoka na bomba lake na kisima kitabaki chetu.

Wenzangu wakaridhika. Kwa akili yetu ya Kigogo tulielewa kwamba Mzungu ameomba kunywa. Mwombaji mkubwa, mwenye chuma, lakini mwombaji tu! Ni kosa ambalo mtu wa pwani asingelifanya, maana wao wameshazoea mambo ya hati na mashahidi. Sisi tulitoa kisima kwa maneno, kama tunavyompa mgeni kata.

Wakanichagua mimi, kwa sababu ya kusoma.

Bwana Meno alinipa koti jeusi. Lilinuka jasho la mtu mwingine, nami nililivaa kwenye jua lile la Gulwe mpaka mgongo ukaota vipele. Alinipa kiti. Alinipa chai. Aliniuliza hori la punda liwekwe upande gani, na wachotaji wapumzike saa ngapi, na nikijibu aliandika. Maneno yangu yanaandikwa! Lakini bomba litawekwa wapi, maji yaende kwa nani, nani mwingine aingie katika ushirika... hayo kila Jumamosi niliyakuta yameshaamuliwa. Niliitikia kwa kichwa nikaongeza sukari.

Nikirudi mchangani, wenzangu wananiuliza tumesemaje leo. Najibu kwa mkato, kama mtu aliyechoka na mambo makubwa. Nikaanza kukaa juu ya sanduku badala ya mchanga. Nikaacha kushuka shimoni. Nikaanza kuwaita "watu wangu". Uchafu mtupu! Natamani ningemkuta kijana yule leo nimtemee mate usoni.

Siku moja Bwana Meno alituita wote, akatoa karatasi. Alisema humo yamo yale yale tuliyokubaliana, na kwa kuwa hataki kutudanganya, msomi wetu mwenyewe aisome kwanza.

Akanipa. Ilikuwa ya Kijerumani.

Sikujua Kijerumani! Sikujua hata neno moja! Herufi zenyewe zilikuwa zimepindapinda, nyingine sijapata kuziona. Watu kumi na mmoja walikuwa wamenyamaza, ukimya ule ule nilioupenda, wananitazama mimi. Bwana Meno naye alikuwa ananitazama, anacheka... Alijua. Naapa alijua!

Ningesema nini? Ningesema sijui? Mimi, mwenye koti?

Nikaweka kidole juu ya mstari wa kwanza, nikakitembeza taratibu. Nikachezesha midomo. Nikakunja uso mahali fulani, kana kwamba neno ni gumu, kisha nikaukunjua. Nilifika mwisho nikasema ni sawa.

Juma akasogea. Aliniuliza kama kuna mahali pameandikwa kuwa kisima ni chetu.

"Hapa," nikamwambia, nikaonyesha mstari mmoja katikati.

Juma akaushukuru ule mstari. Lugendo akasema, basi shemeji, tia jina kwa ajili yetu sote. Nikatia. Nililiandika vizuri sana, kwa mwandiko wa shule, nikalipuliza likauke.

Bomba lilikuja, na wachotaji wakawa hawana kazi tena pale. Waliambiwa wangoje, washirika hawafukuzwi. Miezi ikapita. Reli ikasonga mbele kuelekea Dodoma, na Jumamosi moja nilifika barazani nikakuta kiti hakipo. Bwana Meno alikuwa ameuza kambi, tangi na kisima kwa kampuni ya watu wa ng'ambo, matajiri ambao hawajapata kuiona Gulwe wala hawataiona. Ameondoka bila hata kuaga. Kisima chetu kilikuwa kimenunuliwa na watu wasiojua kwamba kina jina la mtu aliyekichimba!

Msimamizi mpya alikizungushia boma la miiba, akaweka askari. Maji ni ya kampuni, akasema. Anayetaka kunywa achukue kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, avunje kokoto, na maji atapewa pamoja na posho. Mke na mtoto wa mwenye kipande, ndoo moja. Ng'ombe, hapana.

Lugendo alikataa kuvunja kokoto ili anywe maji aliyoyachimba mwenyewe. Sasa niambieni, alikosea nini? Ng'ombe wake walianza kulala na kutoinuka. Alijaribu kuchimba mahali pengine, na kila alipopata unyevu askari walikuja wakafukia, wakidai mto wote umo katika karatasi.

Nyemo akaanza kuchota kwenye dimbwi lililokuwa chini ya kambi. Dimbwi lenyewe! Maji ya kijani, punda wanakojolea humo, na uchafu wa vyoo vya kambi unateremkia humo humo mvua ikinyesha kidogo. Alikuwa na binti wa miaka mitatu, Sechelela, mtoto wa kucheka na kila mtu. Akashikwa na kuhara damu. Siku ya kwanza aliita maji. Siku ya pili aliita mama. Siku ya tatu hakuita kitu.

Nilikwenda msibani. Nyemo alinitazama koti langu kutoka kola mpaka upindo. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya zizi tupu.

Mngedhani hapo nilisema ukweli, sivyo? Wapi! Nilinyamaza.

Wenzangu hawakukata tamaa, kwa sababu walikuwa na mimi. Walisema karatasi ipo, mstari upo, msomi wetu aliuona kwa macho yake. Afisa mmoja alipopita kambini kusikiliza mashauri, wakaenda wote kumi na mmoja, vichwa juu, wakaniweka mimi mbele.

Lugendo alieleza yote kwa utulivu. Afisa akaagiza karatasi iletwe, akaisoma, akaguna. Mkalimani akatugeuzia maneno. Ile karatasi ilisema tumeuza kisima na haki zote za maji, sisi na wazao wetu, na kwamba wauzaji watapata fungu la faida endapo, na kwa kadiri, mnunuzi ataona inafaa. Endapo ataona inafaa! Ushirika wetu wote ulikuwa huo!

Juma akapaza sauti akasema hapana, upo mstari unaosema kisima ni chetu, huyu hapa aliusoma.

Afisa akanisukumia karatasi. Mkalimani akasema, "Bwana anasema umwonyeshe huo mstari. Na kama huuoni, umwonyeshe neno moja tu unalolijua humu."

Nikaitazama. Jasho lilikuwa linanidondoka juu ya karatasi. Nikatafuta juu, nikatafuta chini... Kidole changu kikaenda chini kabisa, kikasimama. Neno pekee nililolijua lilikuwa jina langu.

Askari walicheka. Wenzangu hawakucheka. Sikugeuka kuwatazama, lakini nilimsikia Juma akivuta pumzi ndefu, akasema taratibu, "Inna lillahi."

Kwa kuleta shauri la uongo walihukumiwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kila mmoja. Nami nikalala chini pamoja nao, hilo angalau nililifanya! Mkalimani akaniinua. Afisa amesema mimi ndiye niliyetia sahihi, mimi ni mtu wa kampuni, nisimame pembeni. Nikasimama pembeni na koti langu, nikahesabu viboko kwenye migongo kumi na mmoja. Mgongo wa kwanza ulikuwa wa shemeji yangu, ambaye mtoto wake hakuwa ametimiza hata mwezi kaburini.

Walipomaliza nilimfuata. Nilipiga magoti, nikasema kila kitu: Kijerumani sijui, sikujua tangu siku ile, niliona haya. Lugendo alikuwa ameshikilia mti ili asimame. Hakunitukana. Ningeomba anitukane!

"Shemeji," akasema, "ungesema hujui, tungemtafuta anayejua."

Kisha akanipita. Yeye na Nyemo walihama wiki ile ile na ng'ombe wawili waliobaki, wakaenda upande wa Kondoa kwa kina Juma. Miaka yote hii sijawaona. Nilituma salamu mara mbili kwa wasafiri, na mara zote mbili mjumbe alirudi akasema ameelezwa kwamba Nyemo hana kaka.

Mimi nilikuja kubeba mizigo ya watu stesheni, nikajifunza Kijerumani kwa karani mmoja hapa Dodoma, neno kwa neno, kama mtu anayetafuna mkaa. Leo nakisoma. Kimenisaidia nini? Kuna watu wananisifu, wananiita msomi, na nikilisikia neno hilo natema mate chini.

Wasomaji wenzangu, makampuni yanakuja kila siku. Wanakuja kwenye mkonge, kwenye madini ya mica, kwenye chumvi, na wengine wameshajifunza kuongea kama Bwana Meno. Wanasema ninyi ni washirika, chagueni mtu akae nasi. Sisemi mkatae. Mtu kuwa na sehemu katika kazi ya mikono yake ni haki, na sisi tulikuwa nayo pale mchangani kabla hatujapewa kiti. Ila mkimchagua mtu, msimchague kwa sababu anapendeza akishika karatasi. Mwulizeni maswali mpaka achoke. Akikaa juu ya sanduku, mshusheni!

Na wewe uliyechaguliwa, ndugu yangu, nakusihi. Siku watakapokupa kitu usichokielewa na wenzako wamenyamaza wanakutazama, utaona aibu. Iache ikuunguze, haiui. Waambie wenzako, "Sijui." Mimi lilinishinda neno hilo, na Sechelela akanywa maji ya dimbwi.