Lebo ya Majitaka

Harufu ilianzia kwenye kikombe cha uji. Selina aliumwaga, akasugua kikombe kwa majivu, akamimina uji mwingine, nao ukanuka vilevile. Kinyesi! Kinyesi kabisa, ndani ya nyumba aliyoideki asubuhi hiyohiyo pale Mkolani. Binti yao mdogo, Gladness, akacheka. Kicheko kilikuwa cha mtu mzima.

"Baba Gladness, umeleta nini humu ndani?" Selina akanong'ona.

"Mimi? Nilete nini mimi!" mumewe, Luhende, akaruka.

Mwongo mkubwa! Kazi ya Luhende ilikuwa kuchota sampuli kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka, pale bomba la mwisho linapomwaga ziwani, ili maabara ipime uchafu unaoingia kwenye maji ya watu. Mabwawa yenyewe yalishajaa tope, hayasafishi kitu. Meneja wake, Chenge, alitaka majibu mazuri tu. Basi Luhende akajifanya mjanja: akawa anapitia chemchemi ya mawe juu ya mtaa wao, anajaza chupa humo, anabandika lebo aliyoiandika kwa mkono wake, MAJITAKA, BOMBA LA MWISHO. Akamwambia na Chenge, wakacheka wote wawili mpaka machozi. Na chemchemi ile kila mtu Mkolani anajua ina mwenyewe. Hata mlevi hupiga hodi kwanza, akasema maji anayapeleka wapi. Luhende alichota kimyakimya kama kibaka.

Kufika mchana Gladness alikuwa anawaka homa. Tumbo lake liliunguruma kama bomba lililoingia hewa, na bomba la uani, ambalo halikuwa limetoa hata tone tangu maji yakatike, likaanza kukoroma kwa kuitikia, tumbo likiunguruma bomba linakoroma, bomba likikoroma tumbo linaunguruma, na mtoto alipokohoa ile harufu ikajaa chumbani mpaka Selina akatapika dirishani huku amemshika mwanawe mguu, anaogopa kumwachia na anaogopa kumtazama usoni.

Wakamwita Bimdogo, mganga wa Mirongo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Huyo mtoto msimguse." Akafukiza ubani, akainama. "Wewe nani? Una shida gani na mtoto wa watu?"

Mdomo wa Gladness ukafunguka, sauti ikatoka nzito, taratibu, bila haraka yoyote.

"Mimi nilikuwa kwenye yale mawe kabla babu zao hawajazaliwa. Huyu bwana ananitoa kwangu bila hodi, ananifungia chupani, ananibandika jina la kinyesi, halafu ananipeleka watu wanipime. Si amesema mimi majitaka? Haya. Nimekuja kuwa majitaka, na nitakuwa humu humu tumboni mwa mwanawe mpaka aoze."

Luhende akapiga magoti, analia kama mtoto. Sasa ndiyo analia!

"Nyamaza," Bimdogo akamkemea. "Nenda kachote kwenye bomba lako, uyape maji yale jina lake. Halafu uende kwenye mawe, upige hodi, uombe radhi. Lakini nisikilize. Jina lile likirudi kwenye chemchemi, mimi msiniite tena."

Akaenda. Akatumbukiza chupa kwenye povu jeusi, akaandika lebo, safari hii ya kweli, akaiacha mezani kwa Chenge. Akapanda kwenye mawe akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Aliporudi, homa ilikuwa imeshuka na Gladness anadai ugali na sato. Selina alimkumbatia akacheka na kulia kwa pamoja.

Asubuhi iliyofuata, Gladness akiwa amekaa mkekani anakunywa uji wake, simu ikaita. Chenge.

"Luhende, umeniletea uchafu gani ule? Unataka nifukuzwe kazi?"

"Bosi, tafadhali, ile ipeleke hivyohivyo. Mwanangu..."

"Nimeshaimwaga bwana! Tulia. Nimemtuma dereva kwenye chemchemi yako, amejaza chupa nyingine. Lebo nimebandua ile yako nikaihamishia. Saa hizi iko maabara."

Simu ikamtoka mkononi. Uani, bomba kavu likakoroma.

"Gladness?" akaita. "Mama, nitazame."

Mtoto hakugeuka. Aliweka kikombe chini polepole.

"Baba," ikasema ile sauti nzito, "mwandiko ni wako."