Shimo la Leota Brandl

Kila Februari, ziwa la Winnebago likishaganda sawasawa, sisi watu wa kando yake tunahamia juu yake. Watu wazima wanaacha sofa zao nyumbani na kwenda kujifungia kwenye vibanda vya mbao vyenye giza, wakikodolea macho shimo lililokatwa kwenye barafu, wakimsubiri sturjeni. Ukituuliza kama tuna akili timamu, nasi tutakuuliza kama umewahi kumwona sturjeni. Ni samaki anayeweza kumzidi mtu mzima kwa urefu na kumzidi babu yako kwa umri, na mgongoni amevaa magamba ya mfupa. Ukimwona mara moja, habari za sofa zimekwisha.

Mwaka ule Leota Brandl alikuwa ametimiza umri wa kushika chusa, mkuki wa kuchomea sturjeni. Kila asubuhi ya msimu alivaa soksi juu ya soksi, akajaza chupa ya kahawa ya shangazi yake Verna, akafunga jibini na soseji, wakaenda na gari mpaka katikati ya ziwa. Kibandani walikaa kimya. Chini kwenye maji ya kijani walikuwa wameshusha sahani nyeupe zikalala topeni, ili samaki akipita juu yake aonekane. Hakupita yeyote ila vidagaa vya kuudhi tu.

Leota roho ilikuwa juu. Wenzake darasani walikwishapata, na mmoja wao hakuchoka kumuuliza kama shangazi yake amekata shimo ziwani au jikoni. Halafu redio ikatangaza kwamba idadi ya samaki walioruhusiwa inakaribia kutimia, kwa hiyo msimu unafungwa siku hiyo hiyo. Ilikuwa leo, au mpaka mwakani.

Shangazi Verna akaamua kuhama. Alikata shimo jipya kwa msumeno wa mota, wakakivuta kibanda juu yake, wakashusha sahani upya. Shimo la zamani likabaki nyuma yao, pana kama meza ya kulia chakula. Kwetu shimo la namna hiyo haliachwi hivi hivi. Miti ya Krismasi tunayoitoa sebuleni Januari hatuitupi. Tunaisimika ziwani kando ya mashimo, ili anayepita aione hatari toka mbali. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

"Simika mti sasa hivi, kabla hujaingia ndani," alisema Shangazi Verna, akaondoka kwenda kurudisha msumeno aliokuwa ameuazima.

Leota aliuburuta mti mpaka mlangoni mwa kibanda. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka, nyingi na laini. Akajiambia atachungulia kidogo tu, halafu ataenda. Akaulaza mti chini, akaingia, akafunga mlango. Lakini ziwa letu halina kuchungulia kidogo. Macho yakishazoea giza, maji yanang'aa chini yako mpaka unasahau kwamba una mwili. Samaki wa mbao, waliyemning'iniza kwa uzi kumvutia sturjeni, alizunguka polepole. Muda ukapita, na mti ukasahaulika pale nje.

Mara sahani moja ikatoweka. Ikafuata ya pili. Leota alidhani macho yanamdanganya, mpaka ile ya kwanza ilipotokea tena na nyingine za mbele zikafunikwa, ndipo akatambua kwamba kitu kirefu kinapita juu ya sahani. Sturjeni akapanda taratibu kumtazama yule samaki wa mbao. Ndevu zilimning'inia chini ya pua, na mkia wake ulisukuma maji bila haraka yoyote, kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake. Leota hakuwahi kuona kiumbe kizuri namna ile, na huyu alikuwa chini ya miguu yake mwenyewe. Akakishika chusa.

Ndipo akasikia pikipiki ya theluji. Aliujua mlio wake. Ilikuwa ya Mzee Kolb, ambaye kila siku huzunguka vibandani akigawa kahawa na utani, kofia nzito imemziba masikio. Na alikuwa anakuja kutoka upande wa shimo la zamani.

Samaki alikuwa bado pale. Kumchoma kungetaka pumzi moja tu. Leota akakiangusha chusa sakafuni, kishindo kikamtimua samaki, naye akatoka mbio, akanyakua mti, akakimbia kwenye theluji akiupunga juu ya kichwa na kumpigia kelele mzee asimame. Mzee Kolb aliona mti wa Krismasi unamjia mbio. Akafunga breki, pikipiki ikaserereka upande, ikasimama. Mbele yake theluji ilikuwa tambarare, nyeupe, haina kasoro. Leota aliichoma kwa shina la mti, utando mwembamba wa barafu ukapasuka chini yake, na maji meusi yakapanda juu.

Mzee Kolb alikaa pale pale chini. Shangazi Verna alipofika, mzee, kwa roho yake nzuri, akaanza kumtetea mtoto. Alisema Leota amemwokoa, na kwamba bila shaka upepo ndio ulioung'oa mti. Upepo wenyewe haukuwepo. Leota angenyamaza tu, angekuwa shujaa wa ziwa zima.

"Si upepo," alisema huku machozi yakimtoka. "Sikuusimika. Niliingia kuangalia maji kwanza."

Shangazi hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Leota zaidi. Waliusimika mti pamoja, wakamwagia maji shina lake ligande. Kisha Shangazi akamwambia kwamba chusa hatakigusa tena leo, na kwamba kesho watazunguka wote wawili kukagua mashimo yote, hata ya watu wengine. Leota akaitikia.

Waliingia kibandani pamoja na Mzee Kolb, na Shangazi alipokiona chusa sakafuni akamuuliza Leota kama samaki alipita, na alikuwaje. Leota akaeleza sahani zilivyozimika moja moja, ndevu, na ule mkia. Shangazi alisikiliza bila kumkatiza, maana wapo watu hapa wamesubiri nusu ya maisha yao na hawajamwona wa namna hiyo.

"Sikiliza, mwanangu," alisema mwishowe. "Shimo ulilokabidhiwa ni lako mpaka uliwekee alama. Theluji inalificha kwa kila mtu isipokuwa wewe, kwa hiyo ni juu yako kusema kwamba lipo. Leo umechelewa kusema. Lakini umesema, kwa Kolb na kwangu, na mara zote mbili ungeweza kunyamaza."

"Lakini mwaka huu sijapata kitu, Shangazi."

Shangazi Verna akamtazama Mzee Kolb, aliyekuwa kwenye kona akijimiminia kahawa, nusu kikombeni, nusu gotini.

"Umempata Kolb," alisema.