Mabomba Yaliyovaa Kiondo

Haya nitakayosimulia ni kweli tupu. Ningekuwa mwongo, paa la nyumba hii lingeshaniangukia, maana ni kuukuu na halihitaji sababu kubwa. Tena naweka ahadi mbele yenu: atakayekamata uongo hata mmoja humu ndani, nampa mbuzi kutoka zizi langu.

Nyumba yetu iko Kilungu, mlimani. Baba yangu aliijenga kwa mawe enzi ambazo maji yalifika nyumbani kwa mgongo wa mwanamke, kwa hiyo hakuacha hata tundu la bomba. Mradi wa maji ulipofika kijijini, mimi ndiye niliyeyaingiza mabomba ndani. Ufundi sikuusomea. Nilikuwa mlinzi wa kituo cha utafiti wa kilimo kule Kiboko, na kwa miaka ishirini na minane niliwatazama mafundi wa maji wakifanya kazi. Siku moja bomba kubwa lilipasuka, nikaliziba kwa mkono mmoja. Maji yaliirusha kofia yangu hewani, ikaenda kuokotwa mjini Sultan Hamud.

Kwa kuwa kuta za mawe hazichimbiki, mabomba yangu yalipita juu ya ukuta. Yalitoka jikoni, yakaikata sebule usawa wa kiuno, kisha kwenye kona yakapanda hadi darini kuelekea bafuni. Yalikuwa na kutu, yamejitokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Lakini niliyaonea fahari. Kila mgeni nilimwambia, "Ukiona tone kwenye kiungo changu hata kimoja, ondoka na mbuzi."

Mjukuu wangu Mutindi, msichana wa miaka kumi na miwili, anakaa nasi kwa sababu wazazi wake wanafanya biashara katika soko la Kwa Vonza. Likizo ya Agosti kila asubuhi alifanya mambo yale yale: kufungulia mbuzi, kufagia uwanja, kisha kupanda hadi kwenye tangi letu la plastiki lililo juu ya nyumba. Hapo hugonga tangi kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu, akisikiliza. Palipojaa hulia "du", palipo tupu hulia "dong".

"Babu, maji yako shingoni!" hupiga kelele. Au, "Yako kifuani!"

Kazi hiyo haikuwa mchezo. Mradi hufungua maji mara moja kwa wiki, Jumanne. Yakiisha kabla ya hapo, ni mitungi na mguu hadi kisimani.

Wiki hiyo tulikuwa tunangoja wageni wa Jumamosi. Binti yetu wa mwisho, Mbula, alikuwa anachumbiwa, na watu wa upande wa mume walikuwa wanaleta mbuzi watatu wa ntheo. Kwetu Ukambani, binti hahesabiwi kuwa amechumbiwa mpaka mbuzi hao wafike. Jumatatu Mbula alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Baba, watu wataingia hapa wakidhani wamefika kiwandani."

"Mabomba ni dalili ya maendeleo," nikamwambia.

"Basi yapeleke maendeleo yako barabarani."

Mutindi alikuwa mlangoni na ufagio. "Shangazi, tuyasukie nguo," alisema. "Tuyazungushie kamba za katani zenye rangi, kama kiondo. Nitafanya mimi."

Mke wangu, Kanyiva, ambaye Mutindi humwita Susu kama wajukuu wote wa Kikamba wanavyowaita bibi zao, alicheka. Yeye husuka viondo hata akitembea kwenda kanisani. "Mwacheni ajaribu. Ila mjue, kamba ya katani hukazwa ikiwa imeloweshwa. Ikikauka, inashika kama gundi."

Mutindi alijitolea kweli. Alisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikawa vyekundu, akapaka rangi, akaiacha ikauke. Jumanne jioni alianza jikoni: mistari ya kahawia, zambarau na nyeupe, kamba ikilala kando ya kamba bila mwanya. Kanyiva aliipitisha kiganja na kusema, "Haya." Kwa anayemjua Kanyiva, hiyo ni sifa ya mwaka mzima.

Jumatano mchana alifika kwenye kona. Ili afikie juu, badala ya kwenda kuomba ngazi kwa jirani, alikanyaga bomba lenyewe. Likalia "krrr". Akashuka haraka, akatazama. Kwenye kiungo cha kona, kile mafundi hukiita elbo, palikuwa na tone. Likaanguka. Likaja jingine.

Alijua moja kwa moja kwamba amevunja bomba la babu siku tatu kabla ya wageni. Alitazama mlangoni, hakuna mtu. Akachukua kamba nene kuliko zote, akazungusha elbo mara mbili, akakaza kwa meno. Mwisho wa kamba akauchomeka kwenye tundu nililowahi kutoboa ukutani kwa kukosea vipimo. Tone halikuonekana tena.

Jioni Kanyiva aligusa pale. "Mbona pana unyevu?"

"Nimeilowesha kamba, Susu. Si ulisema?"

Jibu lilikuwa zuri mno. Ni msusi peke yake angeweza kulitoa, na ni msusi peke yake angeweza kuliamini.

Alhamisi nzima watu walikuja kutazama. Jirani yetu Ndululu alisema ukuta sasa unapendeza kuliko wa mchungaji. Mbula alimkumbatia Mutindi akamwita "fundi wangu". Mutindi hakutabasamu, na chakula cha jioni alikichokora tu.

Ijumaa asubuhi alipanda kwenye tangi. Nilikuwa nanoa jembe, nikasikia akigonga: du, dong, dong, dong. Nikangoja sauti yake, mwisho nikaweka jembe chini.

"Yako wapi?" niliuliza.

"Magotini, Babu."

"Jumanne yalijaa hadi shingoni!"

Nyuma ya nyumba kuku walikuwa wanachakura kwenye matope, Agosti, mwezi usio na tone la mvua. Maji yalikuwa yanaifuata ile kamba, yanapenya kwenye tundu langu la makosa na kutokea nje. Wageni arobaini wangefika kesho: kupika, kunawa, chai. Na Jumanne ilikuwa mbali.

Ndani, Kanyiva alikuwa amesimama kwenye kona, kidole juu ya elbo. "Mutindi," aliita kwa upole. "Kamba uliyolowesha Jumatano, mpaka leo haijakauka?"

Mutindi alitazama kazi yake yote, kuanzia jikoni hadi darini. Kama angesema "niliilowesha tena", pengine ingepita. Lakini sauti ya dong ilikuwa bado masikioni mwake.

"Susu, nilikudanganya," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikanyaga bomba likaanza kuvuja. Nikalifunika. Maji ya Shangazi nimeyamwaga mimi." Akachukua kisu. "Nitaikata mwenyewe."

Sasa, hapo mimi niliingia kwa kasi isiyo ya umri wangu. "Ngojeni, ngojeni! Kazi nzuri kama hii ikatwe kwa unyevu kidogo? Nitafunga koki, wageni wakienda tutaangalia polepole..."

Kanyiva alinikazia macho. "Baba Mbula, tangu lini wewe unahurumia kamba?"

Mutindi akakata. Kamba zikaanguka sakafuni kama nywele za kinyozi. Chini yake palikuwa na rangi nzito ya zamani, niliyoipaka mimi; na rangi ilipobanduka, pakatokea kitu cheusi, kimezungushwa mara nyingi, kimefungwa kwa waya.

"Hili si bomba," alisema Mutindi. "Huu ni mpira. Ni tyubu ya baiskeli."

Mbula alifunika mdomo kwa kanga.

"Babu," Mutindi aliuliza, "kwani bomba lilikuwa linavuja kabla sijalikanyaga?"

Nilikohoa. Nikatazama dari. "Miaka mitatu hivi," nikasema. "Lakini kidogo sana."

Kanyiva alivuta kigoda akaketi. Hakupaza sauti. "Sikilizeni, fundi mkubwa na fundi mdogo. Kupamba si kosa. Kitambaa changu cha kanisani ni kizuri, lakini chini yake nywele nimeziosha. Kosa ni kufunika kidonda kabla ya kukitibu. Mutindi, ungesema Jumatano, tungepoteza ndoo moja. Ulingoja, tumepoteza nusu tangi. Na wewe mzee, ungesema miaka mitatu iliyopita, mtoto huyu asingebeba hofu isiyo yake. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Nilifunga koki, nikashuka hadi dukani njia panda, nikanunua elbo mpya na tepu ya kuziba viungo. Safari hii niliifunga kama nilivyowaona mafundi wa kweli wakifunga. Kisha nikaazima punda wa Ndululu, nikateka maji kisimani mchana kutwa, mitungi minne kila safari. Mutindi alitembea nami hatua kwa hatua na mtungi wake mdogo, ingawa hakuna aliyemwambia.

Mutindi alipoketi tena kusuka, Kanyiva alimwonyesha jambo jipya. Mahali pa kila kiungo hawakuzungusha kamba. Walisuka mfuniko mdogo, kama kifuniko cha kiondo, wenye kifungo. Ukitaka kuona kiungo, unafungua. Kikiwa kikavu, unafunga.

Jumamosi wageni walikuja na mbuzi wao watatu, maji yakatosha, na shangazi ya bwana harusi akasimama mbele ya kona kwa muda mrefu. "Na hiki kimlango ni cha nini?" akauliza.

Mutindi alikifungua. "Ni cha kuhakikisha hatufichi kitu, Mama."

Mgeni alicheka, kisha akamgeukia Mbula: "Nyumba hii nimeipenda." Ndipo Kanyiva alipokohoa kidogo na kunitazama, nami nikakumbuka mbuzi niliyemwahidi yeyote atakayeona tone kwenye kiungo changu.

"Lakini Mutindi naye alificha!" nilijitetea.

"Alificha siku mbili, akasema mwenyewe. Wewe umesemewa na kisu," Kanyiva alijibu. "Mbuzi ni wa aliyesema."

Nilijaribu kumtolea Mutindi beberu mzee mwenye pembe moja. Akamkataa. Alichagua mweupe mwenye mimba.

Nilipomaliza kuandika haya, nilimpa ayasome ili arekebishe tahajia. Alisoma kimya, akicheka hapa na pale, kisha akarudi ukurasa wa kwanza na kuweka kidole.

"Babu, kutoka Kiboko hadi Sultan Hamud ni mwendo wa gari. Kofia ilifikaje?"

"Upepo ulikuwa mkali siku hiyo."

Alinyoosha tu mkono, kiganja kikitazama juu, kama karani wa mnadani.

Nimeweka kalamu chini. Naenda zizini kumfungua mbuzi wa pili.