Mkanda wa Vikapu vya Bibi Lusia

Kila asubuhi ya likizo, Zuena alifagia bodi ya kirikuu cha shangazi yake, Shufaa. Kwa kigari hicho shangazi alibeba mizigo myepesi kutoka Iringa kwenda Mbeya, na siku zote aliifunga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Siku moja mpira wa mwisho ulikatika.

"Nenda dukani kwa Mzee Abdulkarim," shangazi alisema. "Mwambie tunafunga vikapu vya Bibi Lusia. Atakuchagulia mkanda unaofaa."

Vikapu vilikuwa sitini, vya nyasi za milulu, na Bibi Lusia alivisuka masika nzima. Kesho yake asubuhi mnunuzi angevipokea soko la Mwanjelwa, Mbeya, naye alishasema hataki hata kimoja kilichopinda.

Dukani Zuena alimkuta Kalinga, mwanafunzi mwenzake, ambaye baba yake alikuwa dereva wa lori. Kalinga alikuwa na mazoea ya kukiita kirikuu gari la kuchezea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnafunga mzigo gani?"

Zuena alimtupia jicho Kalinga. Aseme vikapu mbele ya huyu? Aliona haya.

"Mzigo mzito," alijibu. "Mashine."

"Basi chukua huu." Mzee alishusha mkanda mpana kama kiganja, wenye ndoano kubwa na mkono mrefu wa kukazia. Zuena aliubeba begani akatoka kidevu juu.

Nyumbani, shangazi na Bibi Lusia walikuwa wamemaliza kupakia, wanakunywa chai uani. Ndoano zilikataa kuingia kwenye vipete vya bodi, naye akazing'ang'aniza kwenye ukingo. Kisha akaanza kukaza: kra, kra, kra. Raha ilimkolea. Aliposikia milulu ikilia, vikapu vya juu vilikuwa vimeshabonyea.

Bibi Lusia alikuja, akachukua kimoja, akakigeuzageuza. Aliyewaka ni shangazi.

"Huyu mzee ana nini leo? Namwambia vikapu, ananipa mkanda wa semitrela!" Alitoa simu. "Leo atanitambua."

Zuena alimfikiria mzee yule akifokewa kwa kosa lisilo lake. Roho ilimsuta.

"Shangazi, usipige! Nilimdanganya mimi. Nilisema ni mashine, kwa sababu Kalinga alikuwepo." Machozi yakamtoka.

Shangazi alimtazama, kisha akairudisha simu mfukoni.

"Leta maji, mjukuu wangu," Bibi Lusia alisema. "Milulu haijakatika, imebonyea tu."

Vilivyoharibika vilikuwa kumi na kimoja. Bibi alivinyunyizia maji na kuvisukuma kwa ndani taratibu, na Zuena akavijaza matambara vikauke vikiwa na umbo lake. Kazi hiyo iliwachukua mpaka adhuhuri.

Kisha Zuena aliurudisha mkanda dukani mwenyewe, akaomba radhi. Mzee Abdulkarim alimpa mwembamba wa vidole viwili, wenye ndoano ndogo, akamwonyesha na lebo inayotaja uzito unaofungwa.

"Tandika maboksi juu ya vikapu. Kaza mpaka mzigo usicheze, kisha acha," alisema. "Mimi sikuuona mzigo wako, mwanangu. Nilichagua kwa kufuata maneno yako tu."

Zuena alifunga vikapu kama alivyoelekezwa, naye na shangazi wakaondoka mchana huo. Asubuhi, pale Mwanjelwa, mnunuzi alikagua kikapu kimoja kimoja, akavichukua vyote sitini. Bibi Lusia alipopigiwa simu alicheka mpaka akakohoa.

Zuena alikuwa akiukunja mkanda mwembamba. Shangazi alimwekea mkono begani.

"Vikapu vimerudia umbo lake kwa maji," alisema. "Lakini kama ningemtukana mzee wa watu bure, ningeirudisha vipi heshima yake? Ukweli wako ulichelewa, mwanangu, ila ulifika. Safari nyingine nenda nao dukani."